Samaki Walionyweshwa Maziwa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, wakati kwangu Majengo tayari ninazo tatu na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Hotuba niliyotakiwa kutoa niliikwepa kwa kisingizio cha kikohozi. Kikohozi kimepona, na nasikia nyie mliobaki bandani mnafunga samaki kwa pupa kama mtu anayefunga fungu la matembele, kwa hiyo nimeona bora niandike. Habari za vyeo na nani alipandishwa lini mtaziulizia ofisini. Mimi nitaeleza kazi.

Kwa asiyetujua: kazi yetu ni kuchagua samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika, kuwafikisha Mpanda wakiwa hai, kuwafunga kwenye mifuko ya nailoni na kuwapandisha treni. Wakifika Dar es Salaam wanapanda ndege, wanakwenda kuishi ndani ya masanduku ya kioo sebuleni kwa watu wa mbali. Hawaliwi. Jambo hilo lilinisumbua kulieleza kuliko kazi yenyewe. Mama mmoja muuza migebuka sokoni Kashaulili aliniuliza, "Modesta, mtu anamtazama samaki, halafu?" Nikamwambia, halafu anaendelea kumtazama. Akafikiri kidogo. "Bila ugali?" Kuanzia siku hiyo akawa ananisalimia kwa sauti ya chini, kama anayemsalimia mgonjwa.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nilitoka Inyonga, kwa baba yangu mdogo, ambako tangu utotoni nilikuwa nachambua tumbaku: jani hili huku, jani lile kule, harufu ya moshi kwenye nywele, na ulimi mchungu hata ukila asali. Baba mdogo alisema nina jicho la kuchagua kuliko wanawe wote. Mimi jicho nililipenda, tumbaku sikuipenda hata siku moja. Niliposikia kwamba kuna banda karibu na stesheni ya Mpanda linatafuta mtu wa kuchagua na kufunga vitu laini, nilipanda basi hata kuaga sikuaga vizuri.

Mkuu wa banda aliitwa Sospeter. Alikuwa Mfipa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezamia maji kwa miaka mingi na hasira za mtu ambaye daktari amemkataza kuzamia. Mwenye biashara, tuliyemwita Tajiri, alikaa Dar es Salaam na tulimjua kwa sauti tu, kupitia simu ya duka la jirani. Sospeter hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alinipa mfuko, akaniambia nitie maji, niujaze hewa, niufunge kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Juu yake."

Nikakaa. Mfuko ukapasuka kwa mlio ambao mbuzi wa jirani waliukimbia. Sospeter akasema, "Yule samaki uliyemfunga sasa hivi amekufa njiani kabla hata ya Tabora," kisha akanirudisha nyumbani. Nilipita Kashaulili nimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na ulikuwa msimu wa kiangazi, kwa hiyo hakuna aliyedhani nimenyeshewa. Niliulizwa maswali mengi njiani. Nililowa hivyo siku kadhaa, mpaka nikajifunza kusokota shingo ya mfuko, kuikunja mara mbili na kuifunga ukanda mpaka vidole viume. Siku nilipokaa nikainuka mkavu, Sospeter alikaa na yeye juu ya mfuko uleule, akanesanesa kidogo, akasema, "Haya. Sasa tutafute samaki."

Kuchagua ni nusu ya kusafirisha, hilo msilisahau. Samaki mbovu hafiki hata ukimbeba mapajani. Ukifika Ikola, wavuvi wanapoweka samaki kwenye vizimba ufukweni, kaa kwanza kimya kando ya kizimba bila kuonyesha kimia. Samaki mzima atakuogopa, atakimbia, kisha udadisi utamshinda na atarudi kukutazama wewe ni nani. Anayebaki kona moja kwa moja ni mgonjwa. Anayekuja bila kuogopa kabisa naye ni mgonjwa. Tumbo lisiwe limebonyea, macho yasiwe na ukungu, mapezi yasiwe yamechanika, na mashavu yote mawili yapumue sawasawa. Mume wangu nilimpima kwa vipimo hivyohivyo. Alifaulu vyote, ila baada ya ndoa nikagundua kwamba ni wa kukaa kona.

Waliotolewa kina kirefu msiwapandishe haraka, matumbo yao huvimba. Kizimba kivutwe juu kidogo, kisimame, wapumzike, kivutwe tena, hata kama kazi itaisha kesho yake na dereva analalamika. Wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, ukimvuta mmoja kwa nguvu utabaki na mkia mkononi. Nyanyua gamba lote taratibu, mdomo wake ukitazama chini, mpaka juu ya maji. Akiona nyumba inakauka atatoka mwenyewe, kakasirika lakini mzima. Wagomvi kila mmoja afungwe peke yake. Na siku mbili kabla ya safari hawalishwi kitu, kwa sababu samaki aliyeshiba huchafua maji yake na kufia humohumo.

Sospeter alikuwa na chupa ndogo ya matone ya kupimia maji. Ukidondosha tone kwenye maji ya ziwa, yanageuka buluu iliyokoza. Ukidondosha kwenye maji ya mto, yanakuwa ya njano, na samaki wa ziwa ukimtia kwenye maji ya njano hana siku mbili. Lakini yeye mwenyewe matone aliyaamini nusu. Alichovya kidole, akaonja. "Maji ya Tanganyika yana kauchungu ka magadi," alituambia. "Ulimi wako ukisahau hilo, rudi kwenu." Kwangu mimi, neno "kwenu" lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa na harufu ya moshi.

Msimu mmoja wa mvua mgongo wa Sospeter ulikataa kabisa barabara ya Ikola. Akampigia Tajiri kumwambia kuwa nitakwenda mimi. Tajiri hakutaka. Alisema mwanamke afunge mifuko bandani, barabarani kuna matope, kuna kusukuma gari, kuna mambo. Sauti yake ilisikika mpaka kwa wateja wa sukari. Sospeter alimsikiliza, akamjibu, "Mpe safari moja." Tajiri naye akasema sawa, moja, na mzigo ukifika umekufa huyo Modesta wako arudi kwenye tumbaku yake. Mwenye duka alinipa pole papo hapo, nikiwa bado sijaondoka.

Dereva wetu alikuwa Lameck, mtu mzima wa Katumba ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mlokole wa kweli. Alikuwa na desturi ya kuimba nyimbo za kanisani kulingana na hali ya barabara. Barabara nzuri, hakuna wimbo. Utelezi kidogo, anaanza kuimba chinichini. Tulitoka Ikola na mapipa mawili ya plastiki yenye vifuniko vya matundu, yamejaa samaki niliowachagua mmoja mmoja, pamoja na dumu moja la akiba la maji ya ziwa. Asubuhi yote Lameck alikuwa kimya. Kufika saa saba mchana alikuwa anaimba kwa sauti zote nne peke yake, na pikapu ilikuwa imezama mpaka kwenye ekseli.

Karibu na pale kulikuwa na boma la Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka michache kabla. Mama mwenye boma aliitwa Mama Kabula, mwanamke mrefu, umri wa mama yangu. Alitupokea kwa salamu ya Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama, kama vile alikuwa anatusubiri.

"Mwadila, mayu. Karibuni. Gari imelala?"

"Imelala, mama."

"Ng'ombe wataiamsha. Wanangu wana maksai wanne."

Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua, kwa hiyo tuliyabeba mapipa mpaka kwenye kivuli cha nyumba yake. Akafunua kifuniko, akachungulia, na sura yake ikalainika kama ya mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Alisema tangu azaliwe alikuwa ameona samaki waliokaushwa tu, hakujua kama wakiwa hai wanatazama.

"Hawa watoto wamekula saa ngapi?"

"Hatuwalishi safarini, mama. Tangu juzi hawajala."

"Tangu juzi!" Alinitazama juu mpaka chini. "Nyie watu wa mjini mna roho gani?"

Lameck akajaribu kunisaidia. "Ni mfungo, mama. Hata sisi kanisani tunafunga."

"Nyie mnafunga kwa kupenda. Hawa nani kawauliza?"

Nilimweleza habari ya maji kuchafuka, akaitikia, "Sawa, mayu, sawa," kwa namna ambayo leo ningeitambua, kwa sababu wakwe zangu huitikia hivyohivyo. Tukaenda na wanawe na maksai kulitoa gari. Kazi ile ilichukua muda. Maksai mmoja alikuwa haelewani na Lameck akiimba, ikabidi Lameck asukume kimyakimya, jambo lililomchosha kuliko matope.

Tuliporudi na gari, Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni, kashika kibuyu kitupu, kafurahi.

"Nimewapa kidogo tu," alisema. "Ya asubuhi, hayajaganda. Masikini walikuwa na njaa! Tazama, wote wamekuja juu, wanafungua midomo, wanaomba mengine."

Nilifunua pipa la kwanza. Maji yalikuwa meupe kama togwa. Samaki wangu wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Pipa la pili hivyohivyo, maana Mama Kabula hakuwa mtu wa kubagua.

Nilitaka kupiga kelele mpaka Ikola wanisikie. Lakini mwanamke yule alikuwa amewanyima wajukuu zake maziwa ili awape samaki wa watu asiowajua. Nilishika kiuno, nikaona marobota ya tumbaku yakinisubiri Inyonga, na baba yangu mdogo akinisogezea kigoda.

"Mama," nikasema, "hawaombi. Wanakufa."

Kibuyu kilimdondoka. "Nimeua watoto wa watu," alisema, akaanza kulia kwa sauti, na wajukuu wakalia kwa kumfuata yeye.

Nikamwaga maji ya akiba kwenye mabeseni yake yote, nikawahamisha samaki kwa kimia haraka nilivyoweza. Mabeseni yaliwatosha kwa kuhema tu. Wengi namna ile kwenye maji machache wasingefika hata jioni. Mapipa niliyaosha, lakini niyajaze nini? Wanawe Mama Kabula walileta maji ya kijito, masafi kabisa, ya kunywa. Nikadondosha tone. Njano. Lameck akauliza kama tuombe. Nikamwambia aombe, lakini aombe huku anachota maji na kuyamwaga kwenye mabeseni kutoka juu, ili hewa iingie.

Hapo ndipo nilipomwona ndama. Alikuwa nyuma ya zizi, analamba bonge jeupe lililowekwa juu ya gogo, analamba kwa raha macho kafumba. Nilimwendea, nikamsukuma pembeni, nikapiga magoti, nikalamba na mimi. Yalikuwa magadi, ya kulambisha ng'ombe, yameletwa kutoka pande za Ziwa Rukwa. Nikalamba tena kuhakikisha. Ndama alirudi upande wa pili wa bonge, na kwa muda tukawa tunalamba wote wawili. Nyuma yangu nilimsikia Lameck akianza wimbo mpya, wa mazishi.

Mama Kabula alinyamaza kulia, akanisogelea kwa huruma. "Mayu," alisema, "kumbe na wewe hujala?"

"Mama, leta kinu!"

Tuliyaponda magadi, tukayayeyusha kwenye sufuria, tukayachuja kwa kanga yangu, tukawa tunayatia kwenye maji ya kijito kidogokidogo huku napima. Njano ikawa kijani. Kijani ikakaa hapo mpaka nikakata tamaa, kisha ikaanza kuelekea buluu. Nikachovya kidole, nikaonja. Kauchungu kapo. Sikuwatia samaki mara moja. Nilianza kumimina maji mapya kwenye mabeseni, kikombe, tusubiri, kikombe kingine, mpaka wayazoee, ndipo nikawahamisha. Boma zima likawa linachota na kumwaga: wanawe, wakwe, wajukuu, na jirani mmoja aliyekuja kuomba moto. Mama Kabula alimwaga kwa nguvu kuliko wote. Nilimwambia apumzike, akasema atapumzika hawa wakipumzika. Walikufa wachache, na kila aliyekufa alimtoa mwenyewe kwa viganja viwili. Waliobaki walishuka chini mmoja mmoja, wakatulia, na mmoja wa wagomvi akamng'ata mwenzake mkia. Sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Tuliondoka jua likielekea kuzama. Mama Kabula alikimbia pembeni ya gari mpaka kwenye bonde, akipiga kelele kwamba tusikose kumwambia kama wamefika.

Sospeter alitupokea bandani kainama na mgongo wake. Alifunua pipa, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. "Maji ya wapi haya?"

"Ya ziwa kidogo, ya kijito, magadi ya ng'ombe," nikasema. "Na maziwa, yaliyobaki kwenye mapezi."

Nilisubiri anifukuze pale pale ili nisipoteze basi la Inyonga. Akasema, "Hata hivyo yanaonjeka kama ya ziwa," akaenda kuandaa mtungi wa oksijeni. Tuliwafunga, theluthi moja maji, zilizobaki hewa, mifuko miwili miwili, kona zimekunjwa ili asibanwe mtu, kisha ndani ya maboksi meupe, giza, treni. Nami nikafunga begi langu na kuliweka nyuma ya mlango.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima wa tumbaku. Sikula vizuri. Niliogopa simu ya dukani ikilia hata kama ni ya mtu mwingine. Ilipolia ya kwetu, Sospeter alishika mkono wa simu, mimi nikashika kaunta, na wateja wakaacha kununua. Tuliyasikia maneno ya Sospeter tu. "Ndiyo." "Ndiyo, Lameck amekueleza kweli." "Maziwa, ndiyo. Ya ng'ombe." Kisha akasikiliza, akikuna mgongo. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo hata Dar wangeisikia bila simu, "Basi sikiliza, Tajiri. Huyu mwanamke amewapitisha kwenye maziwa na wamefika wazima. Wewe nitafutie mwanamume ambaye ataweza kuwapitisha kwenye maji tu."

Akakata simu. Akaniambia, kama mtu anayeniagiza chumvi, kwamba Ikola nitakwenda tena mwezi ujao. Nilitoka nje, nikalia nyuma ya duka mpaka mwenye duka akaniletea soda, na hakuniambia pole safari hii.

Toka hapo sikusafiri bila kopo la magadi yaliyosagwa. Nyie sasa mna chumvi za pakiti zenye picha ya samaki anayecheka. Tumieni, sikatai, lakini onjeni.

Safari ile ya pili, barabara ilikuwa imekauka na Lameck alikuwa kimya. Tulikuwa tunakwenda kuchukua mzigo, mapipa matupu. Kabla hatujafika kwenye boma, tulikutana na lori la mahindi, na dereva wake akatusimamisha kutuonya kwamba mbele kuna mama kachanganyikiwa. Tangu mwezi uliopita anasimamisha kila gari linalotoka Mpanda, anauliza kama samaki wamefika. "Ukimwambia hujui samaki gani, anakuita mtu asiye na utu," alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya barabara, kanyoosha mkono mmoja. Alipoliona gari letu hakusogea wala hakusalimia. Alinitazama usoni tu, na nilimwona anaogopa, anaogopa kama nilivyoiogopa ile simu.

Niliruka chini kabla Lameck hajasimamisha vizuri.

"Wamefika, mama. Wazima."

Mama Kabula alikaa chini, palepale barabarani, miguu kanyoosha mbele. Alifunika uso kwa kanga. Kisha akaifunua, akageukia bomani, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Wamefika!" na vigelegele vikatoka kule nyuma ya zizi, vikapokelewa na boma la jirani, na la jirani yake, kwa ajili ya samaki ambao muda huo walikuwa wanatazamwa na mtu asiyejua kama sisi tupo.